Mdakaji asiyepiga: Moe Berg alidumuje miaka 15?

"Shikamoo Kocha. Nina miaka 17, niko kidato cha tano hapa Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa pili nacheza besiboli shuleni, nafasi ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira ya mrushaji. Kudaka najiweza, hata wapinzani wanakiri. Kupiga ndiko kunaniangusha. Msimu huu nimepiga mara chache mno hadi naona aibu kushika gongo. Mjomba wangu aliyeko Marekani alinisimulia habari za Moe Berg, mdakaji aliyecheza ligi kuu ya kule miaka 15 na hajui kupiga. Nilipowaambia wenzangu wakanicheka, wakasema yule alikuwa jasusi, timu zilimweka kwa sababu serikali ndiyo iliyotaka. Ni kweli? Na je, mtu anaweza kuishi kwa glavu peke yake? La mwisho: goti langu la kulia linauma nikichuchumaa muda mrefu, na wiki iliyopita liligoma kunyooka kwa muda. Kocha wetu anataka nihamie beisi ya kwanza. Nikubali au nikatae?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu, lakini ninavyoona yote yanatoka kwenye hofu moja: kwamba kile unachokiweza hakihesabiki. Mchezo ukiisha, daftari la alama linaonyesha nani alipiga na nani alifunga. Halina mahali pa kuandika mipira uliyoizuia kwa kifua isipite nyuma yako. Hofu hiyo nimeiona kwa wadakaji karibu wote niliowafundisha, na si hofu ya kijinga. Nitakujibu kwa kupitia kwa huyo Berg, maana habari zake zikinyooshwa zinajibu sehemu kubwa ya swali lako. La goti nimeliweka mbele kidogo. Kama una haraka, ruka ukalisome hilo kwanza, kwa sababu ndilo lisilongoja.

Tuanze na wenzako waliokucheka. Ni kweli Berg alikuwa jasusi, ila wamegeuza mpangilio wa mambo. Alicheza ligi kuu kuanzia 1923 hadi 1939, isipokuwa 1924 na 1925, akabaki na Boston Red Sox kama kocha msaidizi mwaka 1940 na 1941. OSS, shirika la ujasusi la Marekani alilolitumikia, liliundwa Juni 1942, na yeye akajiunga nalo mwaka 1943. Lisingeweza kumlinda kwenye kikosi wakati lenyewe halijazaliwa.

Najua hadithi inakotoka. Mwaka 1934 Berg alisafiri kwenda Japani na kikosi cha mastaa wa Marekani, akina Babe Ruth na Lou Gehrig. Siku moja wenzake wakiwa uwanjani mji wa Omiya, yeye alivaa kimono, akanunua maua, akaenda hospitali ya St. Luke's jijini Tokyo akidai anakwenda kumwona binti wa balozi wa Marekani aliyekuwa amejifungua. Hakumwona. Alipanda hadi paani, akatoa kamera ya sinema aliyoificha ndani ya kimono, akapiga filamu ya jiji na bandari. Watu hupenda kuongeza kwamba filamu ile ndiyo iliyoongoza ndege za Marekani zilizoshambulia Tokyo Aprili 1942. Mimi siiamini nyongeza hiyo. Berg aliwaonyesha watu wa ujasusi filamu yake mwaka 1942, miaka minane tangu aipige. Kama serikali ndiyo iliyomtuma, ingekaaje miaka minane bila kuiomba?

Kwa hiyo timu nne zilizomwajiri baada ya kuwa mdakaji zilimwajiri kwa ajili ya mpira. Chicago White Sox, Cleveland Indians, Washington Senators, Boston Red Sox: hizo ni klabu za biashara, na kila moja ilikuwa na orodha ya vijana wanaoitaka nafasi yake. Inanisikitisha kidogo kwamba ujasusi umeufunika uchezaji wake kabisa. Watu wanasimulia filamu ya paani, na bastola aliyokwenda nayo Zurich Desemba 1944 kumsikiliza mwanafizikia wa Ujerumani, Werner Heisenberg, akihutubia. Lakini ukiwauliza yule mtu alikuwa anafanya nini saa tisa alasiri siku ya mechi, wanakaa kimya.

Sasa "hajui kupiga". Hapa mjomba wako amesema kweli kwa upande mmoja. Takwimu za Berg ni hizi: michezo 663 katika misimu 15, mara 1,813 alizohesabiwa kupiga, mara 441 alizofanikiwa kufika beisi kwa pigo lake. Hiyo ni wastani wa .243, yaani chini kidogo ya mara moja katika kila nne. Mipira iliyovuka uzio ni sita tu, maisha yake yote. Alijua lugha nyingi, Kilatini na Kigiriki na Kijapani zikiwamo, na wachezaji wenzake walizoea kumtania kwamba hawezi kupiga kwa lugha hata moja kati ya hizo.

Lakini angalia ndani ya wastani huo. Mwaka 1925, akiwa ligi ya chini mjini Reading, alipiga .311. Mwaka 1929, akiwa White Sox na ndiye mdakaji wao mkuu, alicheza michezo 107 na kupiga .287. Huyo si mtu asiyejua kupiga. Ni mpigaji wa kawaida aliyekuwa anapanda, kisha kuna kitu kikamvunja. Nitakuja kwenye kitu hicho.

Na hakuanza kama mdakaji, jambo ambalo huenda mjomba hakukwambia. Alizaliwa New York mwaka 1902, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, akakulia Newark ambako baba yake alikuwa na duka la dawa. Alisoma lugha chuo kikuu cha Princeton, akamaliza 1923. Pale alicheza kati ya beisi ya pili na ya tatu, na mkimbiaji wa upinzani akisimama beisi ya pili, yeye na mwenzake wa beisi hiyo walipeana ishara kwa Kilatini. Mwaka ule ule akajiunga na timu ya Brooklyn, akapiga vibaya, wakamwachia. Inasemekana skauti mmoja aliyetumwa kumwangalia alirudisha taarifa ya maneno manne ya Kiingereza: anadaka vizuri, hapigi. Labda na wewe ulishaambiwa hivyo.

Udakaji ulimjia kwa ajali, Agosti 1927. White Sox walikuwa na wadakaji watatu, na wote watatu waliumia ndani ya siku chache, akiwamo Ray Schalk aliyekuwa pia ndiye meneja. Schalk akatafuta mtu wa kuziba pengo. Husimuliwa kwamba Berg alisema hapo hapo kuna mdakaji wa ligi kuu, akimaanisha mwenzake mmoja aliyewahi kudaka ligi za chini, na Schalk akadhani anajisema mwenyewe. Akavalishwa vifaa. Mchezo wake wa kwanza kuanza kama mdakaji ulikuwa dhidi ya Yankees wa Babe Ruth, mwaka ambao wengi wanauhesabu kuwa bora katika historia ya timu ile. Mrushaji wake alikuwa Ted Lyons, mwenye ule mpira usiozunguka hewani, unaoyumba kama kipepeo, ambao hata mrushaji mwenyewe hajui utatua wapi. White Sox walishinda 6 kwa 3, na Ruth hakupata pigo hata moja.

Kwa nini mtu wa namna hiyo akadumu? Twende kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo jibu lako lilipo.

Chukua wizi wa beisi, yaani mkimbiaji anapochomoka kwenda beisi inayofuata bila mpira kupigwa. Kutoka beisi ya nyumbani hadi ya pili, ukikatiza katikati ya uwanja, ni karibu mita 39. Mkimbiaji mwepesi akitoka beisi ya kwanza anafika ya pili kwa kama sekunde tatu na nusu. Sekunde 1.3 hivi zinaliwa na mrushaji, tangu anapoanza kujinyanyua hadi mpira ugonge glavu yako. Umebakiwa na mbili na ushee. Ndani ya hizo uhamishe mpira kutoka glavu hadi mkononi, miguu ijipange, urushe, mpira usafiri zile mita 39, na mwenzako aupokee chini karibu na udongo ili mkimbiaji ajigongeshe mwenyewe. Mkono wenye nguvu unasaidia, lakini nimeona vijana wenye mikono ya chuma wakiibiwa siku nzima kwa sababu vidole vinatafuta mpira ndani ya glavu. Mwaka 1928 Berg aliongoza ligi yake kwa kunasa wezi: takribani sita katika kila kumi waliojaribu.

Halafu kuna kutokosea. Msimu wa 1932 akiwa Washington alicheza michezo 75 bila kuandikiwa kosa hata moja, na aliendelea hivyo hadi michezo 117 mfululizo, rekodi ya ligi yake wakati huo. Fikiria mipira mingapi hiyo, mingi ikitua kwenye udongo mbele ya magoti.

Kisha kuna ile kazi ambayo hakuna anayeihesabu. Mdakaji ndiye mchezaji pekee anayeutazama uwanja wote akiwa anaelekea mbele. Wengine wanane wanamtazama yeye. Anaona mpigaji amesogeza mguu wa mbele kidogo, anaona mrushaji kiwiko kimeanza kushuka kwa uchovu, na ndiye anayeamua mpira gani uje. Nakumbuka mchezo mmoja wa shule, mrushaji wetu kijana mwembamba ametoa beisi tatu za bure mfululizo, mkono unamtetemeka. Mdakaji wetu akaomba muda. Nikadhani anakwenda kumpa maneno ya moyo. Akafika, akamwambia tu, "Kamba ya kiatu imelegea." Haikuwa imelegea. Kijana akainama, akaifungua, akaifunga upya, akafunga na ya pili. Alipoinuka mabega yalikuwa yameshuka mahali pake. Mpira uliofuata ulikuwa straiki, mpira halali uliomshinda mpigaji. Hilo halikuandikwa popote, lakini sisi tuliokuwa kando tulijua nani ametuokoa.

Ndiyo maana Berg aliendelea kuwa na kazi. Red Sox walimweka kuanzia 1935 hadi 1939, na kwa wastani hakufikisha hata michezo 30 kwa msimu. Siku nyingi alikaa na warushaji wa akiba, akiwadakia wanapopasha mkono, akiwaeleza wapigaji wa timu pinzani wana tabia gani. Timu haiwezi kukaa na mdakaji mmoja. Nafasi hii inavunja watu, hasa vidole, na zamani ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu walidaka kwa mikono miwili, mkono wa kurushia ukikaa wazi kando ya glavu. Umefundishwa kuuficha nyuma ya mguu, sivyo? Mtindo huo ulishika baadaye sana, miaka ya 1960. Kwa hiyo mdakaji wa pili anayeaminika ni bima, na bima hulipwa hata mwaka ambao nyumba haikuungua.

Sasa fanya hesabu nami. Michezo 663 gawanya kwa misimu 15 ni kama 44 kwa msimu, wakati msimu wa enzi hizo ulikuwa michezo 154. Yaani katika kila siku kumi za mechi, saba alikuwa amekaa. Unaweza kukaa hivyo bila roho kukuchacha? Wengine hawawezi, na hakuna aibu kukiri. Berg alikuwa na mahali pengine pa kupeleka akili. Alisomea sheria chuo kikuu cha Columbia wakati anacheza. Mwaka 1926 aliwaambia White Sox kwamba hatafika mazoezi ya mwanzo wa msimu kwa sababu ya masomo, na hakujiunga nao hadi mwishoni mwa Mei. Kiuchezaji ilimgharimu. Lakini shahada aliipata mwaka 1930.

Mwaka huo huo wa 1930 ndio uliomvunja. Aprili 6, mchezo wa kirafiki mjini Little Rock, aligeuka ghafla akiwa anakimbia, meno ya kiatu yakang'ang'ania udongo, mwili ukaenda na goti likabaki. Kano za goti zikachanika. Ametoka kwenye msimu wa .287, msimu uliofuata akacheza michezo 20 tu na wastani wake ukaanguka hadi .115. Cleveland walimchukua 1931, akacheza michezo kumi. Miguu ile haikurudi tena. Glavu na akili vilibaki, ndivyo vilivyomlisha miaka mingine minane. Siku hizi goti la namna ile linapigwa picha, linafanyiwa upasuaji, mchezaji anarudi baada ya miezi kadhaa. Yeye hakuwa na bahati hiyo.

Basi tuje kwenye goti lako, na hapa naomba unisikilize kama mzazi. Maumivu ya mbele ya goti baada ya kuchuchumaa ni ya kawaida kwa wadakaji. Mara nyingi yanatokana na misuli ya paja na makalio kuwa dhaifu, au kudaka siku nyingi mfululizo, na hutulia kwa kupumzika na mazoezi ya kuimarisha. Kilichonishtua ni neno lako "liligoma kunyooka". Ndani ya goti kuna vipande viwili vya gegedu, vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi kama mito. Kipande kikichanika, pindo lake linaweza kuingia katikati ya mifupa likazuia goti kama kokoto kwenye bawaba ya mlango. Huenda si hilo. Huenda lilikaza tu kwa maumivu. Lakini hakuna anayeweza kukwambia kwa kusoma barua, si mimi wala mjomba wala video za mtandaoni. Goti linatakiwa lishikwe, likunjwe, lizungushwe na mikono ya daktari.

Nenda wiki hii. Mwambie mzazi au mlezi wako leo, usimfiche kwa kuogopa atakukataza kucheza. Anzeni hospitali iliyo karibu nanyi, na daktari akiona haja atakupa rufaa kwa madaktari wa mifupa, kwa Dar es Salaam wapo MOI pale Muhimbili. Mweleze lilianza lini, lilipokwama ulikuwa unafanya nini, limewahi kuvimba au hapana, na kama kuna wakati unahisi linataka kukuachia ukitembea. Hadi umwone, usichuchumae. Kabisa, hata mazoezini, hata "mipira kumi tu". Na likikwama tena lisinyooke, au likivimba ghafla, au ukashindwa kulikanyagia, usingoje siku ya miadi, nenda siku hiyo hiyo. Usilikandekande kwa nguvu na usimruhusu mtu alivute linyooke. Nimewahi kumwona kijana akivutwa hivyo na rafiki zake kwa nia njema, akabebwa kurudi nyumbani.

Kuhusu beisi ya kwanza, sijui kocha wako ana sababu gani, na nakushauri umwendee kwa heshima umwulize. Kama ameona unachechemea, ana haki kabisa, na ukubali mara moja. Pale hutachuchumaa mamia ya mara kwa mchezo, utaendelea kucheza, na mikono yako laini itaokoa mipira mingi mibovu inayorushwa na wenzako. Kama sababu yake ni kwamba hupigi, hapo mimi naona tofauti naye. Beisi ya kwanza ndiyo nafasi ambayo timu husubiri mapigo mengi zaidi. Ukihamia kule kwa kudumu, udhaifu wako utaonekana zaidi na ubora wako utafichika. Mwombe iwe ya muda, hadi daktari aseme.

Umeuliza kama mtu anaweza kuishi kwa glavu peke yake. Wapo walioweza, Berg mmojawapo, na hata leo kila timu ya ligi kuu ina mdakaji wa pili ambaye mashabiki wengi hawamjui kwa sura. Mwaka 2025 mshahara wa chini kabisa ligi kuu ulikuwa dola 760,000. Ila kabla ya kufika huko kuna ngazi nyingi za ligi za chini, na kwenye ngazi ya mwanzo kabisa malipo yaliyokubaliwa mwaka 2023 yalikuwa dola 19,800 kwa mwaka. Wengi huishia hapo. Kutoka kwetu njia ni nyembamba zaidi, lakini si ukuta. Dennis Kasumba wa Uganda ni mdakaji kama wewe. Watu walimjua kwa video zake akifanya mazoezi na matairi ya gari, na mwaka 2023 alipata nafasi katika kikosi cha Frederick Keys, Maryland. Dunia ilimtazama, na bado safari yake imekuwa ngumu. Sitaki nikudanganye kwamba ukikaza tu utafika.

Kazi yenyewe pia inabadilika. Tangu 2022 wadakaji wa ligi kuu wanaruhusiwa kutuma ishara kwa kifaa cha kubofya badala ya vidole. Na kwa msimu wa 2026 ligi imepitisha utaratibu wa kupinga uamuzi wa mwamuzi kuhusu straiki na boli (mpira uliopita nje ya eneo halali), mitambo ikiamua. Ule ujanja wa kupokea mpira uliopita pembeni kidogo ukaonekana umepita katikati utapungua thamani. Lakini mpira wa kwenye udongo bado utahitaji kifua cha mtu, na mrushaji anayetetemeka bado atahitaji mtu wa kumwambia kamba ya kiatu imelegea.

Nikushauri nini basi? Usimwige Berg kwa kuliacha gongo. Kupiga kunafundishika kuliko unavyodhani, na kwa umri wako miaka miwili ni mingi. Mara nyingi mdakaji kijana hapigi kwa sababu anakwenda kupiga bado anawaza mpira uliompita kipindi kilichopita. Ukivua vifaa, kaa nusu dakika, kunywa maji, mtazame mrushaji wao anafanya nini kabla hujaligusa gongo. Wewe unajua warushaji wanavyowaza, maana unaongea nao kwa vidole kila siku. Tumia ujuzi huo huo dhidi yao.

Shule nayo usiiachie. Kusoma kulimfaa Berg alipokuwa mchezaji, lakini lazima nikwambie na upande wa pili. Baada ya vita hakuwa na kazi ya kudumu. Aliishi kwa kaka yake miaka 17, kisha kwa dada yake, hadi alipofariki Mei 29, 1972. Alipewa nishani ya heshima kwa kazi yake ya vita akaikataa, dada yake ndiye aliyekuja kuipokea baada ya kifo. Alikuwa na shahada ya sheria wala hakuitumia kujijengea maisha baada ya mpira. Siwezi kukueleza kwa nini, ila nawaona vijana wengi waliopenda uwanja kiasi cha kutopanga siku ya kwanza bila uwanja. Wewe una kidato cha sita mbele yako. Kimalize vizuri.

Na kuna jambo moja kuhusu Berg ambalo nadhani utalipenda. Miaka miwili kabla ya ile filamu ya paani, mwaka 1932, alikwenda Japani na Ted Lyons na Lefty O'Doul kufundisha besiboli vyuo vikuu vya Tokyo, na somo lake lilikuwa udakaji. Mchezo wetu hapa Tanzania umelelewa zaidi na Wajapani, ndiyo maana hata mashindano yetu yamebeba jina la Koshien, uwanja wa mashindano ya shule za Japani. Siwezi kukuapia kwamba namna unavyoweka miguu ilitoka kwake, lakini mlango ulioingilia mchezo huu kwetu ni ule ambao aliwahi kusimama akifundisha.

Ukishamwona daktari niandikie alichosema. Akikuruhusu kurudi, mpe mwenzako simu yenye saa ya kupimia, arekodi kuanzia mpira unapogonga glavu yako hadi unapogonga ya beisi ya pili. Pima mara kumi, siku mbili tofauti, uniletee wastani. Ile moja bora kuliko zote kaa nayo mwenyewe.